Jicho la Mhadzabe na Uti wa Mshale

Leo tuzungumze juu ya silaha inayokosa shabaha, na jinsi mtu anavyojua kosa limetoka wapi. Nitaanzia mbali kidogo, Italia, kisha nitarudi hapa kwetu Manyara, kwenye bonde la Yaeda, maana ndiko hasa ninakotaka tufike.

Kaskazini mwa Italia, karibu na mji wa Brescia, kuna mji mdogo wa Gardone Val Trompia. Watu wa bonde lile wamefua bunduki kwa karne nyingi. Siku hizi eneo hilo la Brescia lina viwanda, Uberti na Pietta miongoni mwao, vinavyotengeneza bastola za kuiga zile za Marekani za karne ya 19: Colt ya mwaka 1851 waliyoiita Navy, ile ya mwaka 1860 waliyoiita Army, na ile ya Remington iliyotumika sana katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Ni bastola za silinda zinazokula baruti nyeusi. Hazitumii risasi ya ganda kama tunayoijua leo. Mpigaji anamimina baruti katika kila tundu la silinda, anashindilia goroli ya risasi juu yake, kisha anavika fataki kwa nyuma. Akifyatua, moshi mweupe unamfunika yeye na shabaha yake. Wanaozinunua ni wapenda historia na watu wa mashindano ya kulenga.

Colt hiyo ya 1851 inalengwa kwa namna ambayo mtu wa leo akiiona anashangaa. Mbele, kwenye ncha ya mtutu, kimesimama kipande kidogo cha shaba. Nyuma hakuna kitu kilichofungwa kwenye mtutu. Kuna pengo dogo tu lililochongwa kwenye nyundo yenyewe ya bastola, nalo halionekani mpaka nyundo ivutwe nyuma. Mpigaji anakiweka kile kipande cha mbele ndani ya lile pengo, anavielekeza vyote viwili kwenye shabaha, anafyatua. Kwa hiyo kipande cha mbele kikikaa upande, au kikiwa kifupi kuliko inavyotakiwa, bastola nzima inadanganya.

Na mara nyingi inadanganya kweli. Wenye bastola hizi hulalamika kwamba wakilenga kwa mita 20 au 25 goroli inapita juu ya shabaha, kwa sababu kipande cha mbele ni kifupi. Wengine wanakuta kimeegemea kushoto au kulia. Kosa lenyewe ukilitazama kwa macho ni dogo mno, lakini hesabu yake haina huruma. Tuseme kutoka pengo la nyuma mpaka kipande cha mbele ni sentimita 25, na kile kipande kimesogea milimita 1 tu. Ukisimama mita 25 kutoka kwenye shabaha, milimita ile moja imekuwa sentimita 10. Umelenga moyo wa shabaha, umepiga pembeni kabisa.

Dawa yake inajulikana. Kipande cha mbele hulifuata kosa: goroli zikienda kushoto, kipande kinasogezwa kushoto, zikienda juu, kinatakiwa kirefu zaidi, zikienda chini, kinapunguzwa kwa tupa. Fundi mzuri akitaka kurekebisha bastola inayopiga juu hufunga kipande kirefu kupita kiasi, kisha hukipunguza kidogo kidogo, akipiga na kutazama, akipiga na kutazama, maana chuma kikishakatwa hakirudi. Lakini kabla hajaigusa tupa kuna jambo anafanya, na ni hilo ninalotaka ulishike, msikilizaji. Anapiga kwanza goroli kadhaa, bastola ikiwa imeegemezwa mahali imara, anaangalia zimeangukia wapi. Zikikusanyika pamoja, hata kama ni pembeni, kosa ni la kipande cha kulengea. Zikitawanyika huku na huku, kipande hakina hatia. Hapo atakagua kabari inayoushika mtutu wa Colt, huenda imelegea. Atakagua kama silinda inajifunga sawasawa, kama baruti inapimwa kwa kipimo kile kile kila mara, na kama mkono wake mwenyewe unatikisika anapofyatua.

Kwa hiyo bunduki yenye kipande cha mbele kilichopinda ina wema mmoja: inakosa vile vile kila mara. Kosa lisilobadilika linapimika, na linalopimika linatibika.

Sasa turudi nyumbani. Hapa Manyara, bastola za Gardone si jambo la mtu wa kawaida. Baruti nyeusi yenyewe, hata hivyo, si ngeni katika nchi hii. Magobore yaliingia bara kwa maelfu katika karne ya 19 kupitia Zanzibar na miji ya mwambao, yakibadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Mwaka 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba ambao pamoja na mambo mengine ulizuia silaha za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Kilichoachiwa mlango ni bunduki za kizamani za gumegume zenye mtutu laini ndani, pamoja na baruti ya kawaida. Mwafrika aruhusiwe bunduki isiyolenga vizuri: hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya maandishi yale. Mtutu laini hauizungushi goroli, na goroli isiyozunguka haishiki njia. Ukiweka kipande kizuri cha kulengea juu ya mtutu kama ule unajisumbua bure, kwa kuwa kila goroli inatoka na njia yake. Gobore hutawanya. Ndiyo maana aliyelitumia alijifunza kusogea karibu.

Na wewe uliye na gobore la babu limefichwa darini, nakuomba kwa dhati: silaha ya moto bila kibali ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, na serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushitakiwa. Kipindi kikitangazwa, kitumie. Mtutu uliokula kutu ukajazwa baruti unaweza kumpasukia aliyeushika.

Nimeyasema haya yote ili tuutazame upinde.

Ukitelemka kutoka nyanda za juu za Mbulu kuelekea magharibi, baridi inabaki nyuma, mashamba ya Wairaqw yanapungua, na unaingia bonde la Yaeda lenye joto, mibuyu na migunga. Upande mwingine ni ziwa Eyasi. Hapo ndipo wanapoishi sehemu kubwa ya Wahadzabe, watu wanaozidi 1,000 kidogo tu kwa idadi, ambao baadhi yao bado wanapata chakula kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kuokota matunda. Vijiji vya Mongo wa Mono, Domanga na Yaeda Chini unavijua au umevisikia.

Karibu kila anayewazungumzia Wahadzabe, mwandishi, mgeni wa kitalii, hata sisi majirani, husema neno moja: hawa watu wamezaliwa na shabaha. Wana macho ya ajabu. Iko katika damu yao. Nimelisikia mara nyingi, nalo husemwa kama sifa. Mimi naona sifa hiyo inawanyang'anya kitu. Inawavua ufundi wao na kuwaachia damu tu, kana kwamba mshale unaota wenyewe mtini na kwenda wenyewe kwa kanga.

Tuangalie kazi yenyewe. Upinde wa Mhadzabe ni mrefu, na ni mgumu. Waliopima wamekuta kwamba kuuvuta kunahitaji nguvu ya karibu kilo 30 kwa wastani, na iko inayozidi. Mgeni akipewa, mara nyingi hafiki hata nusu ya mvuto. Upote wake ni wa kano za mnyama. Mshale nao unakaribia mita 1 kwa urefu. Upinde huu hauna kipande cha mbele, hauna pengo la nyuma, hauna alama yoyote ya kulengea. Hakuna cha kusogeza kushoto wala cha kupunguza kwa tupa. Basi jiulize: mwindaji akikosa, anarekebisha nini?

Anarekebisha mshale. Usahihi wote ambao bastola ya Gardone imeuweka katika vipande viwili vya chuma, huku umewekwa katika uti wa mti.

Ukikaa kambini mchana, wakati jua limekuwa kali na wanaume wamerudi, utaiona kazi hii, maana hawaachi kuifanya. Mtu amekaa chini, kijiti kilichomenywa gome kiko mkononi. Anakipitisha juu ya makaa, akikizungusha ili kisiungue, mpaka kipate joto sehemu ile tu iliyopinda. Anakitoa, anakiuma kwa meno pale pale penye upindo, na kwa mikono miwili anakivuta taratibu kuelekea upande wa pili, akikipitisha kidogo mstari wa kunyooka kwa kuwa anajua kitarudi nyuma kikipoa. Anakishikilia hivyo kwa muda. Kisha anakiinua, anafumba jicho moja, anakitazama kwa urefu wake wote kutoka mwisho mpaka ncha, anakizungusha robo, anakitazama tena. Bado. Kinarudi kwenye makaa. Upindo mmoja ukiondoka, mwingine unajitokeza mbele yake uliokuwa umefichwa na ule wa kwanza. Anaendelea hivyo huku anazungumza na wenzake, na mikono haikosei.

Joto linalainisha kile kinachounganisha nyuzi za mti, nyuzi zinakubali kusogea, na ukiushikilia mti mpaka upoe zinaganda katika umbo jipya. Hii ni elimu ile ile ambayo maseremala wa viwandani wanaitumia kupinda mbao kwa mvuke. Meno yamechaguliwa kwa sababu nzuri. Yanashika bila kuteleza, na mtu anahisi mti unavyokubali au kukataa kabla haujavunjika. Hakuna koleo linalokupa habari hiyo.

Kunyoosha ni mwanzo tu. Mshale unapoachiwa hauruki ukiwa umenyooka. Upote unausukuma kwa nyuma kwa ghafla, mbele kuna uzito wa chembe, na ubavuni kuna mti wa upinde umesimama njiani. Mshale unapinda, unaupita upinde ubavuni, unajirudi, unapinda upande wa pili, na unaendelea kutikisika hivyo angani mpaka utulie. Jicho haliwezi kuona. Kamera za mwendo wa polepole ndizo zilizoonyesha. Maana yake ni kwamba mshale mlaini mno kwa upinde mzito utakwenda upande mmoja, na mshale mgumu mno kwa upinde mwepesi utakwenda upande wa pili, hata kama yote miwili imenyooka sawasawa. Uti lazima uendane na upinde wa mwenyewe. Mtengenezaji anaukwangua, anaupinda kidogo kwa vidole kuusikiliza, anaukwangua tena. Hapo ndipo kilipo kipande chake cha mbele, msikilizaji. Kipo katika unene wa uti, na kila mshale una wake.

Halafu kuna manyoya nyuma, ya kanga au ya ndege wakubwa, yamefungwa kwa kano. Kazi yake ni kuvuta mkia wa mshale ubaki nyuma. Unyoya mmoja ukilala au ukiliwa na wadudu, mshale unayumba. Kuna chembe mbele. Mishale ya kupigia ndege na wanyama wadogo, pimbi na wengine wa saizi yake, ina ncha ya mti tu, iliyochongwa. Mishale ya wanyama wakubwa ina chembe cha chuma, na mingine inapakwa sumu nyuma ya chembe, ikizungushiwa ngozi ili isikauke wala isimchome mwenyewe. Sumu nayo ina uzito. Mshale uliopakwa unakuwa mzito mbele kuliko ndugu yake asiyepakwa, na unashuka mapema zaidi. Mwindaji anayejua anaubeba ujuzi huo kichwani kwa kila mshale alio nao.

Sumu inabadilisha hata maana ya kulenga. Anayemwendea swala pala au pundamilia kwa mshale wa sumu hahitaji kupiga moyo; anahitaji kupiga mwili, kisha kufuata nyayo kwa saa nyingi. Anayemwendea kanga kwa ncha ya mti hana msamaha huo. Kwa hiyo mshale mnyenyekevu kuliko yote, ule usio na chuma wala sumu, ndio unaodai unyoofu mkubwa zaidi. Watoto wa kiume huanza na upinde wakiwa wadogo sana, miaka mitatu hivi, wakilenga vibuyu na ndege, na mishale hiyo ya ncha ya mti ndiyo shule yao.

Chuma hutoka kwa majirani. Wahunzi wa Kidatoga, watu wa ukoo wa Gidang'odiga, wanafukuta viriba vya ngozi na kufua vyuma chakavu na misumari kuwa chembe, mikuki na bangili. Wahadzabe hupata kwao chembe kwa asali na vitu vingine vya porini, na wengine huchukua msumari na kuugonga wenyewe juu ya jiwe mpaka ubapae. Mhunzi wa Kidatoga anayefua mkuki kule Hanang ana tatizo lile lile la unyoofu. Chembe cha mkuki kikikaa mshazari kwenye mpini, mkono ulenge vipi, mkuki utageuka ukiwa hewani. Naye hufumba jicho moja na kutazama kwa urefu kabla hajaridhika. Basi Mdatoga, Mhadzabe na fundi wa Gardone wana kitendo kimoja cha mwili wanachofanana, kuinua kitu na kukitazama kwa jicho moja, na nadhani wangekutana wangeelewana bila mkalimani.

Kuna jambo jingine lililonivutia sana. James Woodburn, mtafiti wa Uingereza aliyeanza kuishi na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika juu ya mchezo wao wa kamari uitwao lukuchuko. Wanaume hurusha vipande vya magome ya mti kwenye shina, na jinsi vinavyoangukia ndiyo inayoamua nani ameshinda. Kinachochezewa ni vitu, na mishale ya chuma ni sehemu kubwa ya vitu hivyo. Kwa hiyo mshale mzuri haukai kwa mtu. Leo ni wako, kesho wa mwenzako, keshokutwa umevuka kambi. Woodburn aliona hapo njia ya watu hawa kuzuia mmoja asijilimbikizie mali, na nakubaliana naye. Mimi naongeza la kifundi. Mshale uliotengenezewa upinde mzito wa mtu mmoja ukiangukia kwa mwenye upinde mwepesi, lazima ufanyiwe kazi upya, la sivyo hautamtumikia. Kila anayeshinda ana kazi ya kufanya. Ufundi hauwezi kubaki kwa watu wachache katika mazingira kama hayo, na ndiyo sababu kila mwanaume anaujua.

Utasema, lakini mazoezi je? Hawa wanalenga tangu utotoni, jicho limezoea. Ni kweli, ila hapo pia kuna utafiti wa kutufikirisha. Mwaka 2002, Nicholas Blurton Jones na Frank Marlowe walichapisha matokeo ya mashindano waliyowapa Wahadzabe: kulenga shabaha kwa mshale, kuchimba mizizi, kukwea mibuyu. Walitaka kujua kama waliotumia miaka mingi katika shule ya bweni, mbali na pori, wamebaki nyuma. Hawakuona kwamba wamebaki nyuma. Kwa upande mwingine, watafiti wameona kwamba mwindaji wa Kihadzabe hafikii kilele chake akiwa kijana mwenye misuli na macho makali. Hukifikia baadaye, akiwa mtu mzima wa miaka 30 na kitu au 40. Mimi nayasoma mambo haya mawili pamoja. Kulenga kitu kilichosimama, kwa mshale ulionyooka na upinde ulio sawa, kijana mwenye nguvu analiweza. Kumpata mnyama ni jambo jingine: kujua mti upi unatoa uti mzuri, sumu imeiva au haijaiva, upepo unatoka wapi, damu hii ya kwenye jani ni ya saa ngapi. Hayo ni elimu, tena elimu ndefu, na damu ya mtu haiyarithishi.

Na sasa nifike kwenye kinachonisumbua. Tukiamini shabaha yao ni ya kuzaliwa nayo, tutaamini pia kwamba haiwezi kupotea. Wahamishe, wabane, wape kipande kidogo cha ardhi, bado watakuwa Wahadzabe wenye macho ya ajabu. Tukikubali kuwa ni ufundi, itabidi tuulize ufundi huo unakula nini. Unakula miti ya uti, ambayo haioti kila mahali. Unakula kano za swala, manyoya ya ndege, mimea ya sumu, na muda wa kukaa kivulini na wazee. Pori likilimwa, hawaondoki wanyama peke yao. Karakana nzima inaondoka.

Hanang tunajua ardhi inavyoondoka. Katika miaka ya 1970 nyanda bora za malisho za Wabarabaig, yaani Wadatoga wa Hanang, kule Basotu zilichukuliwa kwa mashamba makubwa ya ngano ya shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, kikashinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua. Wazee wengi wa Hanang wanaikumbuka kesi ile kwa uchungu mpaka leo.

Yaeda imekuwa na bahati nzuri zaidi, ingawa haikuja yenyewe. Katika miaka ya 1960 serikali iliwakusanya Wahadzabe Yaeda Chini ili walime, na wengi wakarudi porini. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilitaka bonde hili liwe uwanja wake, kelele zikapigwa ndani na nje ya nchi, nayo ikajiondoa mwaka ule ule. Mwaka 2011 Wahadzabe wakapata hati ya hakimiliki ya kimila kwa pamoja, kama jamii, juu ya eneo la zaidi ya hekta 20,000, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team. Baadaye ukaja mradi wa hewa ukaa unaozilipa jamii za hapo kwa kuilinda misitu yao isikatwe. Hati ile naiheshimu sana. Kwa macho yangu ni hati ya karakana.

Lakini hati haizuii ng'ombe wa jirani wakati wa kiangazi, wala jembe la mtu aliyekuja usiku. Halmashauri za vijiji na wilaya ya Mbulu ndizo zenye wajibu huo, na wanaokaa katika mabaraza yale wengi ni sisi, Wairaqw na Wadatoga, si Wahadzabe. Tunapopanga matumizi ya ardhi tunaandika malisho, tunaandika mashamba, tunaandika vyanzo vya maji. Sijaona sababu kwa nini tusiandike pia mahali panapoota miti ya mishale, kwa jina lake na mpaka wake, kama tunavyoandika kisima.

Na walimu wa fizikia wa sekondari za Mbulu na Hanang, nawaomba jambo moja linalowezekana muhula huu huu. Mnapofika kwenye mada ya nguvu na mwendo, mwalikeni mzee mmoja kutoka Mongo wa Mono au Domanga, mlipeni posho kama mnavyomlipa mgeni mwingine yeyote mtaalamu, na wanafunzi wamwone akinyoosha uti juu ya makaa. Kisha mpeni mwanafunzi mishale miwili, mmoja umenyooka na mwingine umepinda, na mwambieni apige kila mmoja mara kadhaa kwenye kifurushi cha nyasi kwa mita 15, mzee akiwa pembeni kuangalia usalama. Aandike inapoangukia. Ule uliopinda atauona unakosa, na kila akiuweka kwenye upote kwa mgeuko tofauti utakosa kwa upande tofauti. Hapo aulizwe atatofautishaje kosa la mkono wake na kosa la uti, na mzee aachwe amsahihishe jibu lake.